Vifungo Vinne vya Mwanajeshi wa Bura

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Msicheke. Mwanariadha akistaafu katika umri huo mnampigia makofi. Mimi nimekaa miaka tisa mbele ya kompyuta nikiwavalisha marehemu suti, na mgongo wangu unaniambia nimetumika kuliko mkimbiaji yeyote. Nimemrudishia Mzee Kalela funguo za studio, nimewaachia kiti chenye mto wa sponji, na sasa nina haki ya kuwaambia nyinyi mnaoingia kazi hii yale wazee wanayopenda kuwaambia vijana: nilikosea, tena nilikosea kwa ustadi mkubwa. Kaeni niwaeleze.

Studio ya picha hapa Voi haiishi kwa picha za pasipoti. Inaishi kwa picha za zamani. Mtu akifariki kule Bura au Mwatate, familia inatafuta picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi, na picha nzuri huwa haipo. Ipo ya harusi ya jirani, marehemu amesimama nyuma kabisa, ameshika mguu wa mbuzi. Wanakuletea hiyo. "Mtoe mbuzi, mvalishe suti." Ndiyo kazi yenyewe.

Kwenye kompyuta tulikuwa na suti kumi na moja. Unachukua kichwa, unachagua suti, unaunganisha shingo. Shingo ndiyo mtihani. Ukikosea, marehemu anaonekana kama anachungulia kutoka kwenye pipa. Suti ya bluu yenye tai nyekundu ndiyo iliyopendwa kuliko zote, na mimi niliigawa bila kufikiri. Jumamosi moja kulikuwa na mazishi mawili kule Mwatate. Waombolezaji wakakutana barabarani, kila mmoja na programu yake mkononi, na marehemu wawili wasiojuana kabisa wamevaa suti moja, tai moja, hata kunyanzi ile ile begani. Mama mmoja akanipigia simu: "Wakesho, kwani huko wanakoenda kuna sare?"

Niliingia kazi hii bila kupanga. Nilikuwa nimemaliza shahada ya falsafa, na kama mjuavyo, hakuna tangazo linalosema anatakiwa mwanafalsafa, aanze Jumatatu. Mama yangu akanipeleka kwa Mzee Kalela "wiki mbili tu" nijifunze kompyuta. Badala ya kujifunza, nikawa nauliza maswali. Kwa nini kila mtu akipigwa picha anakunja uso? Nani aliamua mtu aangalie kulia? Kwa nini tumvalishe mtu suti akiwa amekufa wakati hakuwahi kuivaa akiwa hai? Mzee Kalela, ambaye hupaka masharubu yake rangi nyeusi kila mwisho wa mwezi, akaniangalia juu ya miwani. "Wewe mtoto, hata ukiambiwa moto unaunguza utaomba ushahidi." Nikamwuliza ni moto wa aina gani. Akacheka mpaka akakohoa, akaniajiri.

Yeye ni mtu wa chumba cha giza. Kabla ya kompyuta alirekebisha picha kwa penseli, juu ya filamu yenyewe, akiwa amebana pumzi. Mkwaruzo mmoja ulimlia nusu siku. Mimi niliufuta kwa sekunde mbili, naye akisimama nyuma yangu akisonya.

"Ulijuaje ni mkwaruzo?"

"Unaonekana, Mzee."

"Unaonekana kama nini?"

"Kama mkwaruzo!"

"Haya."

Hiyo "haya" yake iwekeni akilini, itarudi.

Nyinyi mna bahati mbaya zaidi yangu, kwa sababu mna programu za simu ambazo hazisubiri hata sekunde mbili. Kijana mmoja alimpitisha nyanya yake kwenye moja ya hizo, picha ikarudi nyanya anatabasamu na meno thelathini na mawili, meupe kama ya mtangazaji wa televisheni. Kijana alikuja kwetu karibu kulia. "Nyanya hajawahi kuwa na meno tangu nizaliwe! Sasa huyu ni nani?" Swali zuri. Ilibidi tumng'oe nyanya meno moja moja.

Jambo lingine la ufundi kabla sijasahau. Mkiletewa picha ya zamani na kuulizwa huyu ni nani, msianze na uso. Kila mtu katika familia ana maoni yake kuhusu uso: pua ni ya huku, masikio ni ya kule. Anzeni na mikono, viatu, vifungo. Hivyo havina ndugu wa kuvitetea. Na vifungo vya shati la mwanamume vikiwa upande wa kike, jueni picha imechapishwa kinyumenyume. Mimi nilimfanya fundi seremala wa watu kuwa mashoto, na watoto wake wakabishana juu ya jambo hilo mpaka Pasaka.

Basi sasa nije kwa mwanajeshi.

Ilikuwa Jumatano. Mzee Kalela alikuwa amekwenda Mombasa kuwekewa meno mapya, nami nilikuwa mkubwa wa studio. Akaingia mzee mrefu amebeba fremu iliyofungwa kwenye leso, akaiweka mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto. Jina lake Mzee Mwadime, mfugaji wa Ndara, miaka themanini na mitatu.

"Mwanangu, nimeambiwa hapa kuna msichana anayeuliza maswali."

"Ndiye mimi, babu."

"Basi muulize huyu jina lake."

Akafungua leso. Ndani ya fremu kulikuwa na kijana amesimama wima mbele ya ukuta, kofia ya jeshi ya ukingo mpana, upande mmoja umekunjwa juu, shati lenye vifungo vinne. Picha yote ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa moshi wa jikoni. Mbele ya kofia paling'aa beji ya baragumu ndogo.

Mzee akanieleza. Baba yake, Nyambu, alichukuliwa kwenda vitani, vile vita vya pili vya Wazungu, yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna picha. Alikwenda pamoja na binamu yake, Mwakio, kijana wa mlima wa Bura kama yeye, na watu husema walifanana mpaka wasichana walikuwa wakimtania asiye wao. Mwakio alirudi, akaoa, akazeeka, akafa mzee wa ndevu. Picha hii ilikuwa kwa Shangazi Mshai, dada yake Mwakio, aliyefariki mwaka jana akiwa amepita miaka tisini. Nyambu na Mwakio wote walilelewa pamoja naye jiko moja.

"Si ungemwuliza yeye alipokuwa hai?" nikasema.

"Nilimwuliza tangu alipoitoa sandukuni. Shangazi, huyu ni baba au ni Mwakio? Ananijibu, ni kaka yangu, kula viazi."

"Kila mara?"

"Kila mara. Alijua akitaja mmoja, nyumba ya pili italia. Akaona bora sote tule viazi." Akacheka, kisha akaacha. "Mimi sijawahi kumwona baba yangu, mwanangu. Na macho yangu yameanza kuingia ukungu. Daktari anasema nina muda kidogo. Sitaki mengi. Nataka kujua kama huyu ninayemtazama ni yeye, kabla sijashindwa kumtazama."

Nikamwuliza kama kuna jambo lolote linalowatofautisha hao wawili. Alikuwa nalo tayari. Mwakio alikuwa askari wa bunduki, hilo kila mtu alilijua, maana alilisimulia kila Krismasi. Nyambu alikuwa mtu wa machela. "Mama aliniambia, baba yako hakupewa bunduki, alipewa watu wa kubeba."

Yaani sare ndiyo ingesema! Nilifurahi kama mtu aliyeokota simu. Nikaipiga fremu picha kupitia kioo chake, nikaikuza, nikatafuta beji ya baragumu kwenye mtandao. Dakika ishirini tu. Beji ilikuwa wazi ajabu. Uso umefifia, mikono imefifia, beji kali kama imetoka dukani jana. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini. Mimi, mwenye shahada ya kujiuliza, nikageuza kiti.

"Babu, pole. Hii ni beji ya askari wa bunduki. Huyu ni Mwakio."

Akaiangalia picha, akakohoa. "Basi alikuwa mzuri, huyu Mwakio. Alivyokuja kuzeeka alikuwa na sura mbaya, wewe acha tu."

Tukacheka wote wawili. Lakini mkono wake haukuondoka kwenye kioo. Akaniambia kwamba ikiwa ni hivyo, fremu si yake, ni ya nyumba ya Mwakio, naye ataikabidhi Jumapili baada ya kanisa, huko Bura, kwa mjukuu wa Mwakio, Mama Mghoi, anayeuza kabichi na sukuma wiki sokoni hapa Voi. Akaniomba nichapishe nakala moja kubwa, Mama Mghoi apewe na hiyo pia. Akaifunga fremu yake kwenye leso, akaondoka kwenda sokoni kumpa Mama Mghoi habari. Nami, Mungu anisamehe, nikajinunulia soda ya kujipongeza.

Ijumaa Mzee Kalela akarudi na meno mapya, akiongea kama mtu mwenye peremende mdomoni. Nilikuwa natayarisha ile nakala kubwa. Nikaikuza nione kama vifungo vitatoka vizuri. Kifungo cha kwanza kilikuwa na mkwaruzo mdogo, umbo la harage lenye mkia. Sawa, vita ni vita. Kifungo cha pili kilikuwa na mkwaruzo mdogo, umbo la harage lenye mkia. Cha tatu vilevile. Cha nne vilevile.

Nikapiga ukelele.

"Umeona nyoka?" akauliza Mzee Kalela.

"Nimejiona mimi mwenyewe!"

Sasa sikilizeni, maana nyinyi pia mtalifanya hili, kama hamjaanza. Picha ikija imeliwa, huwezi kutengeneza kila kifungo upya. Unatengeneza kimoja kizuri, unakinakili. Hakuna mteja anayelinganisha vifungo. Na mimi kifungo changu cha kunakili kilikuwa kimoja kwa miaka yote tisa: nilikuwa nimekipiga picha wiki yangu ya kwanza, kutoka kwenye koti la Mzee Kalela linaloning'inia nyuma ya mlango.

Mzee akasimama, akaenda mlangoni, akashika koti lake la zamani, akakileta kifungo cha pili karibu na miwani. Harage lenye mkia.

"Kwa hiyo," akasema kwa meno yake mapya, "nilikwenda vitani."

Tulicheka mpaka muuza miwa wa nje akaja kuchungulia. Halafu kicheko kikanikauka, maana yote yakanirudia. Miaka saba nyuma alikuja mama mzee sana kutoka Bura, ndiye huyo Shangazi Mshai, na picha ndogo iliyoliwa na mchwa. Mchwa walikuwa wamekula mbele ya kofia na kifua chote, wakaacha uso. Alisema hivi: "Mfanyie awe mwanajeshi kamili." Nikampa vifungo vya koti la Mzee. Nikaingia mtandaoni, nikachukua beji ya kwanza iliyonipendeza, nikaibandika kwenye kofia. Baragumu lilinipendeza. Ndivyo lilivyokuja. Shangazi Mshai akaitundika picha juu ya jiko la kuni, na moshi ukaizeesha miaka sitini ndani ya miaka saba.

Nilikuwa nimemnyima mzee wa watu baba yake kwa ushahidi nilioutengeneza mwenyewe.

"Picha yenyewe, ile iliyoliwa," akauliza Mzee Kalela, "iko wapi?"

"Sijui. Tulimrudishia shangazi."

"Fremu uliifungua?"

Nikaanza kupanga karatasi mezani.

"Wakesho. Fremu uliifungua?"

"Niliipiga kupitia kioo."

Akaketi. Akavua miwani. "Miaka tisa," akaliambia dari. "Miaka tisa anagongelea misumari mwenyewe!"

Maana studio yetu ina desturi yake moja, nanyi mtaikuta na msithubutu kuiacha. Picha ya zamani haitupwi na haipewi mteja mkononi, kwa sababu mteja ataipoteza. Inatiwa kwenye bahasha, na bahasha inawekwa ndani ya fremu, nyuma ya ile mpya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezifunga mamia. Mzee Mwadime alikuwa ameniletea swali na jibu lake katika leso moja, na mimi nikajibu bila kuigeuza fremu.

Tulimpigia Mzee Mwadime simu Ijumaa hiyo, hapatikani. Jumamosi, hapatikani, Ndara ni hivyo, mtandao huenda ukafika na huenda usifike. Jumapili Mzee Kalela akawasha pikipiki yake. Mkitaka kujua maana ya imani, kaeni nyuma ya pikipiki inayoendeshwa na mtu wa miaka sabini na moja mwenye meno ya siku nne, mmekumbatia sanduku la vifaa na ile nakala kubwa, kutoka Voi mpaka Bura. Kila tulipopita tuta alikuwa akishika mdomo kwa mkono mmoja.

Tulikuta hema uani kwa Mama Mghoi, sufuria ya kimanga, chakula chetu cha kupondwa, inatoa moshi, na watu wapata arobaini waliovaa nguo za kanisani. Mzee Mwadime alikuwa ameketi mbele, fremu mapajani. Mama Mghoi alikuwa amesimama akihutubia, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni.

"Na hii baragumu mnayoiona kwenye kofia," alikuwa akisema, "babu yangu hakuokota! Baragumu hii ilipiganiwa!"

"Ilipakuliwa," nikasema.

Sikukusudia kusema kwa nguvu. Shingo arobaini zikageuka.

"Huyu ni nani?" akauliza Mama Mghoi.

"Ni yule msichana wa maswali," akasema Mzee Mwadime, akijaribu kunitambua kwa macho yake yenye ukungu.

"Mama, naomba msamaha, na naomba bisibisi," nikasema, maana kumbe sanduku nililokumbatia kutoka Voi lilikuwa la vifaa vya pikipiki vya kufungua tairi.

Kisu cha jikoni kikaletwa. Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikaigeuza fremu mapajani mwake, nikang'oa misumari yangu mwenyewe mmoja mmoja, huku nikiwaeleza yote: mchwa, vifungo, koti, beji. Nilipofika kwenye koti, Mzee Kalela, aliyekuwa amelivaa, alilivua na kulipitisha wajionee. Watoto walikipigania kifungo cha pili.

"Ngoja," akasema Mama Mghoi. "Hiyo baragumu si ya kweli?"

"Ni ya kweli, mama. Ila nilimvisha mimi."

"Nimelala nayo kichwani nikiisifu usiku kucha! Nimeitungia hotuba!"

Ubao wa nyuma ukatoka. Bahasha ilikuwepo, imegeuka manjano. Nikaitoa picha kwa ncha za vidole. Ndogo kama kiganja, kifua ni shimo la mchwa, mbele ya kofia ni shimo, na uso mzima kabisa, safi kuliko kwenye ile yangu. Na kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, palikuwa na kitu cheupe.

Nilikikumbuka. Nilikuwa nimekifuta.

Mzee Kalela akatoa kioo chake cha kukuzia mfukoni, akainama. "Hiki cheupe hukukiona wakati ule?"

"Nilikiona. Nilidhani ni doa la maji."

"Ulijuaje ni doa?"

"Lilionekana."

"Lilionekana kama nini?"

"Kama doa, Mzee."

"Haya," akasema, akanipa kioo.

Kilikuwa kitambaa, kimezungushwa mkononi vizuri na kufungwa. Katikati yake, umefifia lakini upo, msalaba. Watu wa machela. Watu wa kubeba majeruhi. Nilikuwa nimepaka rangi kila kitu ambacho hakikuwepo, nikafuta kitu kimoja tu kilichosema kweli.

Sikutaka kutamka. Nilishatamka mara moja Jumatano, na mlijionea. Nikasema tu kilichoonekana: kitambaa, cheupe, msalaba wa hospitali. Kisha, kwa kuwa sijiwezi, nikauliza. "Je, Mwakio angeweza kukivaa hiki? Hata kwa siku moja? Hata kwa kuazima?"

Wote wakamgeukia Mama Mghoi. Mnaelewa ilivyokuwa: mwenye haki ya kubisha alikuwa yeye, na hema lilikuwa lake, na kimanga kilikuwa chake. Akanipokonya kioo, akaitazama picha muda mrefu, mkono mwingine kiunoni.

"Babu Mwakio," akasema, "alikuwa akizimia akiona damu ya kuku. Krismasi tulikuwa tunamfungia ndani mpaka kuku amalizwe kunyonyolewa. Kitambaa hiki asingekigusa hata kwa fimbo."

"Sasa vitani alipigaje risasi?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Akiangalia pembeni!"

Hema zima likaanguka kwa kicheko. Mama Mghoi alikuwa wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza, akipangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "Nimekuwa na babu mzuri kwa siku nne tu. Nne! Mzee Mwadime, chukua baba yako. Lakini hii ya fremu, yenye baragumu, mimi siiachi."

"Mama, huyo si babu yako," nikasema.

"Walifanana au hawakufanana?"

"Walifanana."

"Na baragumu ni ya nani?"

"Ya askari wa bunduki."

"Basi beji ni ya babu yangu. Kilichobaki ni sura tu." Akaiweka kwapani, na nakala niliyochapisha juu yake, na jambo hilo likaisha. Mpaka leo ipo sebuleni kwake. Nimeiona. Vifungo vya Mzee Kalela vinang'aa.

Nikampa Mzee Mwadime ile ndogo, na kioo cha kukuzia. Alihangaika kidogo kupata umbali, akisogeza kioo mbele na nyuma, mpaka akatulia. Hema likatulia pamoja naye. Nilikuwa bado nimepiga magoti, nikaona midomo yake inaanza kutetemeka, nikajiandaa kwa machozi.

Akaanza kucheka.

"Kumbe ni mtoto!" akasema. "Jamani, baba yangu ni mtoto! Njooni mwone. Hana hata ndevu. Ni mdogo kuliko mjukuu wangu wa chuo, yule anayeniomba bando kila siku. Na alivyosimama! Kijana, legeza mabega, hakuna anayekupiga."

Nikamwambia ninaweza kuitengeneza upya, vizuri safari hii, nikirudisha kitambaa mahali pake, nikiziba mashimo.

"Usimguse," akasema. "Achana na mchwa. Mchwa hawakumwongezea chochote."

Hilo, wadogo zangu, andikeni ukutani juu ya kompyuta.

Kisha akafanya jambo ambalo sijalipatia maelezo, nami nimelitafutia. Alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaiinua ile picha usawa wa uso wake, akamsalimia baba yake kwa Kidawida, lugha yetu Wataita. "Kwawuka mana, baba." Ni salamu ya asubuhi.

"Mzee," akasema Mama Mghoi kwa upole, "sasa ni saa tisa alasiri."

"Kwetu ndiyo," akajibu. "Kwake bado ni asubuhi."

Akaisogeza picha kwenye sikio, kama simu. Akasubiri. Watu arobaini, sufuria ya kimanga, na Mzee Kalela aliyeshika meno yake, wote wakasubiri naye. Halafu akanigeukia mimi, uso wote umekunjuka.

"Wakesho, umesikia?"

Na mimi, niliyewachosha wahadhiri wangu kwa kuwadai ushahidi, nikasema nimesikia.